Je, Wajua? Yai la Mamba ni Nyara ya Serikali

Je, wajua kwamba ukiokota yai la mamba kando ya Mto Mara umeshika nyara ya Serikali? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, inalihesabu yai pamoja na ngozi, meno, kucha na nyama. Uwe ng'ambo ya Tarime au ya Serengeti, bila kibali ni kosa, hata kama kiota kiko nje ya hifadhi.

Kesi za nyara huweza kufunguliwa kama uhujumi uchumi. Mahakama ya Wilaya ya Serengeti, pale Mugumu, imewahi kuwafunga watu miaka 20 kwa nyama ya nyumbu. Vijana wanaotumwa kuuza ngozi waambiwe hili mapema, wanaowatuma hawawaambii.

Je, wajua kwamba ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hakuna leseni ya kuwinda mamba kabisa? Kwingineko uwindaji huenda kwa leseni na mgawo. Mkataba wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, unaruhusu nchi nzima kusafirisha nje mamba wa porini wasiozidi 1,600 kwa mwaka, wa wawindaji wa kitalii wakiwemo. Wanaofugwa kwa kibali wana hesabu yao.

  

Je, wajua kwamba joto la kiota ndilo linaloamua mamba azaliwe dume au jike? Mama hufukia mayai mchangani, akayalinda karibu miezi mitatu. Watoto hulia wakiwa bado ndani ya maganda. Mama akiwasikia hufukua mchanga na kuwabeba mdomoni hadi majini. Kenge hukaa jirani akivizia. Mtu akimfukuza mama kwa mawe, kenge ndiye anayefaidi, na kizazi kizima kinaweza kuishia hapo.

Je, wajua kwamba ukimuua mamba ili kuokoa maisha hujavunja sheria? Ila toa taarifa, na usichune: mzoga na ngozi yake ni mali ya Serikali. Mamba akimuua au kumjeruhi mtu, kanuni za mwaka 2011 zinatambua kifuta machozi. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, kisha ofisa wanyamapori wa wilaya, na msicheleweshe taarifa.