Funga silabusi, uone kilichobaki

Mitihani ikikaribia, mashine za fotokopi katikati ya jiji, kwenye komuni ya Lubumbashi, na zile zilizo kando ya barabara iendayo Kasapa hazipoi. Kinachotolewa nakala ni silabusi, kijitabu cha somo alichokiandika profesa mwenyewe, na kwa wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, mara nyingi ndicho kitabu pekee cha somo hilo watakachokishika mwaka mzima. Mwanafunzi hujifungia nacho. Hukisoma mara ya kwanza, ya pili, ya nne. Hupiga mistari chini ya sentensi hadi ukurasa wote unakuwa mistari na mistari yenyewe inakosa kazi. Kufikia mara ya nne hakuna tena neno linalomshangaza, na hapo hujiambia kwamba somo limeingia. Kujiambia huko ndiko kunakostahili kuchunguzwa. Utafiti wa zaidi ya karne moja juu ya kumbukumbu unaonyesha kwamba kulizoea andiko na kulijua ni mambo mawili, na kwamba la kwanza linaweza kukua kila siku huku la pili limesimama palepale.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulirudia chumbani kwake. Wanafunzi walipewa andiko fupi la kisayansi. Kundi la kwanza lililisoma katika vipindi vinne mfululizo. La pili lilisoma vipindi vitatu, kisha likaandika bila kutazama kila lililokumbuka. La tatu lilisoma kipindi kimoja tu, halafu mara tatu likaweka andiko kando na kuandika kilichobaki kichwani. Walipopimwa baada ya dakika 5, wale wa kusoma mara nne waliongoza kwa asilimia 83, na wa kundi la tatu wakapata 71. Baada ya wiki moja hesabu iligeuka juu chini: wasomaji wa mara nne walibaki na asilimia 40, na wale waliosoma kipindi kimoja na kujihoji vitatu walikuwa na 61. La kutia wasiwasi zaidi ni walilotabiri kabla ya kupimwa, kwani waliojiamini kuliko wote kwamba watakumbuka ni wale wa kundi la kwanza. Mwanafunzi anayerudia silabusi usiku wa kuamkia mtihani si mvivu, wala si mjinga. Kipimo anachokitumia kujipima ndicho kibovu, maana wepesi wa macho kupita juu ya mistari haumwambii chochote juu ya kile atakachoweza kukitoa mbele ya karatasi tupu.

Wala si jaribio moja hilo tu. Tangu 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio yeye mwenyewe, alionyesha kwamba tulichojifunza hutuponyoka kwa kasi saa za mwanzo na polepole baadaye, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa huzaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujisomea, wakazipa mbili tu daraja la juu: kujipima, na kutawanya masomo katika siku nyingi. Kupiga mistari na kurudia kusoma, mbinu wanazozitegemea wanafunzi wengi duniani, ziliwekwa daraja la chini. Kwa wale wa politekniki na uchumi, ambao huona mambo haya ya maandiko hayawahusu, kuna jaribio la Doug Rohrer na Kelli Taylor la 2007. Wanafunzi waliofanya hesabu za aina moja hadi ziishe ndipo wahamie aina nyingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa aina zote walipata 60. Wiki moja baadaye waliochanganyiwa walipata 63 na wenzao 20. Sababu si ya ajabu: ukijua tangu mwanzo kwamba ukurasa mzima ni wa fomula moja, huhitaji kuamua fomula ipi, na kuamua ndiko mtihani unakokuuliza.

Kijana wa Kongo anayeingia chuo kikuu ameshayafanya haya bila kuyapa jina. Mtihani wa Taifa, ambao wote huuita Exetat, umekuwapo tangu 1967, na finalisti anayejiandaa hukaa na aitemu, maswali ya kuchagua jibu, za miaka iliyopita, hujibu, husahihisha, hurudia alizokosa. Hafanyi hivyo kwa kuwa amesoma saikolojia. Yaya zake, yaani kaka na dada wakubwa, walifanya hivyo na wakafaulu. Kisha anafika chuoni, aitemu hazipo, na desturi nzima anaiacha mlangoni kama viatu. Ni kweli kwamba aitemu ina kasoro yake, kwani jibu limekwisha kuwekwa mbele ya macho, na kulitambua ni rahisi kuliko kulitoa. Lakini nusu ya kazi ilikuwa imeshajengeka. Kilichobaki ni mwanafunzi kujitungia maswali mwenyewe: kila kichwa cha habari cha silabusi kigeuzwe swali, kijitabu kifungwe, jibu liandikwe kwenye karatasi chakavu, kisha afungue aone alichoacha. Mapengo hayo ndiyo ratiba yake ya siku tatu zijazo.

Pingamizi linalosikika kwanza ni hili: maprofesa wengi hawataki uelewe, wanataka maneno yao kama walivyoyaandika, kwa hiyo kukariri ndiyo busara. Malalamiko yenyewe mara nyingi yana ukweli, ila hitimisho halifuati. Hata anayetaka kutoa neno kwa neno atalishika neno hilo upesi zaidi kwa kufunika ukurasa na kulisema kuliko kwa kulitazama tena. Wapo pia wanaosema kwamba kukariri ni urithi wetu, nasi ni watu wa masimulizi. Basi tuutazame urithi huo vizuri. Waluba wa Katanga walikuwa na wataalamu wa kumbukumbu, bana balute, wa chama cha Mbudye, walioshika lukasa: ubao wa mti unaoenea mkononi, uliopambwa shanga na alama za kuchonga. Juu yake palikuwa na wafalme, safari, mahali patakatifu na utaratibu wa utawala, bila sentensi hata moja. Mwenye kuusoma aliupitishia kidole na kuyatoa maneno kichwani mwake, akiyapanga kulingana na tukio na wasikilizaji. Watafiti Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, walioandaa maonyesho na kitabu juu ya kumbukumbu ya Waluba mwaka 1996, walisisitiza kwamba usomaji wa lukasa ulibadilika kwa msomaji na kwa nafasi. Kwa hiyo Katanga ilikuwa na chombo cha kujihoji kabla UNILU haijafungua milango mwaka 1956. Silabusi ya kurasa 120 iliyopunguzwa hadi vidokezo vya ukurasa mmoja, kisha ikasimuliwa yote kutokana na vidokezo hivyo, iko karibu na lukasa kuliko silabusi iliyokaririwa kama kasuku.

Pingamizi lililo zito zaidi, na ambalo husemwa mara chache, ni la lugha. Mwanafunzi wa komuni za Katuba au Kenya hucheka, hugombana na kununua unga kwa Kiswahili, lakini sheria, udaktari na uhandisi anavijibu kwa Kifaransa. Kukariri kwake ni kimbilio: asiyeamini kwamba ataweza kuunda sentensi yake hukopa ya profesa. Hapa kujihoji kwa Kifaransa peke yake kunaweza kumvunja moyo. Njia yenye mantiki ni kuanza kwa kumweleza mwenzake somo kwa Kiswahili, kwa mifano ya mjini, mpaka anayesikiliza aweze kuuliza swali la maana, kisha jibu lilelile liandikwe kwa Kifaransa, kitabu kikiwa kimefungwa. Atakayesema kwamba Kiswahili cha Lubumbashi hakibebi mambo mazito akumbuke kwamba mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hichohicho historia ya mji mzima. Mwanafunzi akikwama kwenye hatua ya kwanza, tatizo ni somo. Akikwama kwenye ya pili, tatizo ni Kifaransa. Anayesoma kimyakimya hawezi kuyatenganisha hayo mawili, na huishia kutibu ugonjwa asio nao.

Na umeme? Shirika la umeme, SNEL, linapokata, nyumba yenye watu wanane na chumba kimoja cha kukaa si mahali pa kutumia mbinu za St. Louis. Ni kweli, na asiyeishi hivyo asihubiri. Lakini ni kusoma tena na tena ndiko kunakotaka taa usiku kucha. Kujihoji kunawezekana gizani, kwenye foleni ya maji, ndani ya teksibasi. Kutawanya masomo nako hakuongezi saa, kunazihamisha tu. Saa moja ya Jumatatu, nyingine Alhamisi na nyingine wiki ifuatayo ni saa tatu zilezile za usiku mmoja. Mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), uliotajwa katika sheria ya elimu ya 2014 na kuanza kuingia vyuoni mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu kredi 60 kwa mwaka, na ndani ya kila kredi kuna saa za kazi binafsi ya mwanafunzi. Kwenye karatasi, basi, muda huo upo tayari. Anayeusogeza wote hadi wiki ya mwisho kwa kutegemea sesio ya pili anaununua kwa bei ghali kuliko fotokopi.

Siku yenyewe ya mtihani haihitaji hekima nyingi: soma maswali yote kwanza, gawa muda kulingana na alama, usizame kwenye swali la alama mbili. Imani moja tu inafaa kuvunjwa, ile ya kwamba jibu la kwanza lisiguswe. Justin Kruger na wenzake walipochunguza mwaka 2005 karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa Chuo Kikuu cha Illinois, asilimia 51 ya majibu yaliyobadilishwa yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi, na 25 tu ndiyo yaliyoharibika. Kwa mtihani wa mdomo, ambapo hofu hufuta kila kitu, jaribio la Chuo Kikuu cha Tufts la 2016 linatia moyo: watu waliojifunza kwa kujihoji hawakupoteza kumbukumbu walipotiwa msongo, ilhali waliojifunza kwa kusoma tena walipoteza.

Majaribio haya, ukiacha ya Ebbinghaus, yamefanyika Marekani, kwa sehemu kubwa kwa maandiko mafupi, na hakuna anayeweza kuapa kwamba silabusi nzima ya sheria itatoa asilimia zilezile hapa. Mwelekeo wake, hata hivyo, umerudiwa kwa masomo na rika nyingi, na kuujaribu hakugharimu faranga hata moja. Walimu nao wasijifiche nyuma ya idadi ya wanafunzi. Odituari ya watu mia kadhaa haiwezi kupewa interogasio ya kusahihishwa kila wiki, na hakuna asistenti anayepaswa kuulizwa hilo. Lakini swali halihitaji kusahihishwa ili lifanye kazi. Profesa anaweza kuacha dakika 5 za mwisho, akauliza mambo matatu ya somo la wiki iliyopita, kila mmoja akaandika kwenye daftari lake, majibu yakasomwa kwa sauti, na watu wakaenda zao bila karatasi yoyote kukusanywa.