Thomas Ulimwengu, mchezaji wa mikataba

Vijana wanaopiga mpira hapa Likasi, kuanzia Kikula mpaka Shituru, wakiulizwa wanataka kuwa kama nani, wengi watamtaja Mbwana Samatta. Mimi ningewaambia wamtazame mwenzake.

Thomas Ulimwengu na Samatta, Watanzania wote wawili, walijiunga na TP Mazembe mwaka 2011, kule Lubumbashi, kilomita kama 120 tu kutoka kwetu. Samatta alifunga, akaimbwa. Ulimwengu alikuwa na kazi isiyoimbwa: kukimbia pembeni, kubanana na mabeki kwa mabavu, kupoteza mpira na kurudi kuutafuta. Novemba 8, 2015, Mazembe ilipoifunga USM Alger 2-0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya tano, wote wawili walikuwa Kunguru, kama wachezaji wa Mazembe wanavyoitwa. Miezi michache baadaye Samatta alikuwa Genk, Ubelgiji.

Ulimwengu aliondoka mwaka 2016 mkataba ulipokwisha, akasaini AFC Eskilstuna ya Sweden mwanzoni mwa 2017. Goti likamsaliti. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, maana kwa mshambuliaji anayeishi kwa mbio, goti bovu ni sawa na barua ya kufukuzwa kazi. Yeye akatafuta kazi nyingine: Sloboda Tuzla ya Bosnia, kisha Al-Hilal ya Omdurman, kisha JS Saoura, kule kwenye jangwa la Algeria. Wazee wetu waliosaini mikataba ya Union Minière, kampuni ya migodi, wangemwelewa haraka: unakwenda kazi iliko, na mkataba ukiisha unafunga mizigo.

Akiwa Saoura aliitwa Taifa Stars kwa Kombe la Afrika la 2019 nchini Misri, la kwanza kwa Tanzania tangu 1980. Walipoteza mechi zote tatu, lakini kuitwa kwenyewe, baada ya lile goti, si jambo dogo.

Mwaka 2020 Mazembe ikamrudisha. Watu wetu hupenda kusema anayerudi ameshindwa. Sikubali. Klabu ile ina akademi yake na vijana wengi wanaosubiri zamu. Haimrudishi mtu kwa huruma. Alicheza tena Kamalondo, uwanjani kwa Mazembe, na mwaka 2023, akiwa na miaka 30, akasaini Singida Fountain Gate, nyumbani Tanzania.