Bawabu Ndani ya Kioo

Vijana wanaolisikia gitaa la umeme aghalabu hudhani kwamba utamu wote umo katika nyuzi na vidole vya mpigaji, ilhali katika zama za Kilwa Jazz ya marehemu Ahmed Kipande na wenziwe wa miaka ya 1960, sehemu kubwa ya utamu huo ilikuwa imefichwa ndani ya amplifaya, sanduku la mbao lenye vichupa vya kioo vilivyowaka rangi ya chungwa, yaani valvu.

Asili ya valvu ni kazi ya Mwingereza Ambrose Fleming, mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest aliyeiongezea gridi miaka miwili baadaye. Ndani ya kioo kilichoondolewa hewa, kathodi hupashwa moto ikatoa elektroni, nazo huvutwa na anodi yenye umeme wa volti mia mbili, mia tatu au zaidi. Na baina yao imekaa gridi, mfano wa bawabu mlangoni, ambaye akiguswa na umeme dhaifu utokao kwenye gitaa hufungua na kufunga kwa kadiri hiyohiyo, umati mkubwa wa elektroni ukapita kwa amri yake.

Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ambako amplifaya za namna hiyo zimelala stoo, ni mji ulioinuliwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, na hata reli yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo wazee wa huko, na wa Ruangwa iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea hadi 1995, si wageni wa mitambo iliyoachwa na wenyewe. Amplifaya iliyolala stoo katika nchi hiyo, baina ya msimu mmoja wa korosho na mwingine, ina maadui wengi kuliko iliyolala Ulaya: mchwa huila mbao, panya huipenda karatasi ya spika, na unyevu wa masika huingia katika kila kiungo.

Mwenye mali akiileta kwa fundi, jambo la kwanza hutaka valvu zibadilishwe. Hilo ni kosa, tena la gharama, maana valvu za leo hutengenezwa Urusi, Slovakia na China, na bei yake pamoja na usafiri si ya mchezo. Valvu ndogo za mwanzo huweza kudumu miongo. Kinachokufa kimyakimya ni kapasita. Zile kubwa za kuchujia umeme hukauka, spika ikavuma mvumo mzito usiokoma hata gitaa likinyamaza. Ile ndogo ya karatasi, inayotenganisha valvu na valvu, ikivuja, gridi hupata umeme isiostahili, bawabu akaacha mlango wazi, na anodi ikaiva nyekundu kama kaa la moto.

Hapo ndipo tahadhari huwa faradhi. Kapasita huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo fundi mwenye adabu huumwaga kwanza kwa kupitisha rezista, akahakikisha kwa mita, kisha ndipo hushika chuma cha kulehemu. Hubadilisha kilichoharibika tu. Transfoma ya asili haigusi madhali ni nzima, na mimi huwalaumu waliozivunja nyingi ili wauze shaba yake kwa kilo.

Ama kuiwasha baada ya miaka thelathini kwa kuichomeka ukutani moja kwa moja, huko ni kuitafutia mauti. Balbu ya wati 60 au 100 huunganishwa njiani, umeme ukapita humo kabla ya kufika kwenye amplifaya: ikimeta kidogo kisha ikafifia, mambo ni salama, ikiwaka kwa nguvu zote na isishuke, ndani mna hitilafu. Lakini ni lazima iwe balbu ya zamani, ya uzi wa moto, kwani hizi za kisasa haziwezi kazi hiyo. Na kwa kuwa madukani zimeadimika, fundi mwerevu huiviringisha yake katika pamba, akaiweka kasha moja na valvu.