Madeni ya Zamani na Daftari la Mikopo

Wako watu wengi katika Kenya ya leo, watumishi wa serikali na wachuuzi, walimu na vijana waliotoka vyuoni juzi, ambao waliwahi kukopa fedha kidogo kwa njia ya simu au katika benki, wakashindwa kuzirejesha kwa sababu ya maradhi, kufutwa kazi au uzembe tu, kisha miaka ikapita na jambo lenyewe likasahauliwa. Hata siku walipoomba mkopo wa kufungua duka, au mwajiri alipowataka walete cheti cha kuthibitisha kwamba hawadaiwi, ndipo walipoambiwa kuwa majina yao yamo CRB, yaani katika mashirika yanayotunza habari za mikopo. Khofu inayowashika hapo huwatupa aghalabu katika moja ya makosa mawili: ama huzidi kulikimbia deni wakidhani kwamba litakufa lenyewe, ama hulilipa kwa pupa kwa yeyote apigaye simu na kudai. Iko njia iliyo bora kuliko zote mbili, nayo ni kulisoma deni kabla ya kulilipa, na kulilipa kwa hati.

Yafaa kwanza kujua mashirika haya ni kitu gani. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2008, na shirika la kwanza likapata leseni ya Benki Kuu ya Kenya mwaka 2010. Yaliyo mashuhuri leo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mashirika haya hayakopeshi wala hayadai. Kazi yao ni kutunza daftari: hupokea kutoka kwa mabenki na wakopeshaji wengine habari za wanaolipa vyema na za wasiolipa, na kumpa habari hizo mkopeshaji anayetaka kujua hali ya mtu kabla ya kumwamini kwa fedha zake. Kwa hiyo kila aliyekopa benki, hata kama hajawahi kuchelewa siku moja, yumo daftarini, na kuwamo si aibu. Lenye madhara ni ile alama ya mkopo usiolipwa, ambayo kwa kawaida huandikwa deni linapopitisha siku 90 bila ya malipo, na sheria inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa ilani ya siku 30 kabla ya kumwandikisha.

Kuandika deni si jambo geni kwa Waislamu wa pwani. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Sura ya al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na karibu nayo iko nyingine inayoamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula. Maandishi hayo yalikusudiwa kumlinda mdai na mdaiwa pamoja, na insafu hiyo hiyo ndiyo tunayopaswa kuitaka katika daftari la zama hizi: lililoandikwa liwe kweli, na aliyeandikwa awe na haki ya kulisoma.

Haki hiyo ipo. Kila mtu anaweza kupata nakala moja ya taarifa yake kwa mwaka bila malipo kutoka kwa kila shirika, naye aisome kwa makini kama asomavyo hati ya shamba. Humo atakuta jina lake na nambari ya kitambulisho, kisha akaunti moja moja: nani aliyekopesha, kiasi kilichokopwa, salio lililobaki, tarehe ya malipo ya mwisho, siku za kuchelewa, na hali ya akaunti. Makosa hujificha papo hapo. Huenda deni lililolipwa zamani bado linaonekana halijalipwa, kwa kuwa mkopeshaji alipokea fedha lakini hakupeleka habari. Huenda deni moja limeandikwa mara mbili. Huenda nambari ya kitambulisho ilikosewa tarakimu moja, na mtu akabebeshwa mzigo wa mwenziwe. Akiliona kosa, na aliandikie shirika au mkopeshaji, aambatishe nakala za stakabadhi na ujumbe wa simu unaothibitisha malipo, nalo shirika linawajibika kulichunguza dai hilo na kulisahihisha lililo batili. Asiposikilizwa, anaweza kulipeleka lalamiko lake Benki Kuu, au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data aliyewekwa na sheria ya mwaka 2019.

Likithibitika kwamba deni ni lake, bado kiasi chake kinafaa kuhojiwa. Tangu mwaka 2007 Sheria ya Benki inakataza riba ya mkopo uliokwisha kuharibika kuzidi asili ya deni lililokuwapo siku ulipoharibika. Tuseme mtu alibakiwa na shilingi 20,000 alipoacha kulipa; riba itakayodaiwa juu yake, hata ikipita miaka kumi, isizidi shilingi 20,000 nyingine, ukiacha gharama za kulikusanya deni lenyewe. Anayedaiwa na benki shilingi 90,000 kwa deni la namna hiyo ana haki ya kuomba hesabu iliyopambanuliwa, mstari kwa mstari, kabla ya kutoa hata senti.

Hapa ndipo tunapofika penye jambo linalowapoteza wengi, yaani muda. Kwa sheria ya Kenya, deni la mkataba likipita miaka 6 bila ya kudaiwa mahakamani, mdai huzuiwa kulifungulia mashtaka. Lakini mdaiwa akilikiri kwa maandishi, au akilipa sehemu yake, hesabu ya miaka hiyo huanza upya. Daftari la mikopo lina hesabu yake mbali. Habari ya deni lililoharibika huhifadhiwa kwa miaka 5, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku deni lilipolipwa, si siku lilipokopwa. Basi anayenyamaza akingoja jina lake litakate huwa anaisogeza mbele siku ya kutakata kwake, ilhali aliyelipa, ingawa habari haifutiki mara moja, husomeka kuwa amelipa, na kila mwaka upitao humweka karibu na mwisho wa jambo hilo.

Katika kulipa pia kuna adabu yake. Wakusanyaji wa madeni wamewahi kuwafedhehesha watu kwa kuwapigia simu mashemeji na wakubwa wao wa kazi. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022 zimeyapiga marufuku matusi, vitisho na kuwasumbua watu waliomo katika orodha ya simu ya mdaiwa. Mkusanyaji akipiga, aulizwe kwa upole anamwakilisha nani na kwa hati gani, kisha mdaiwa amwendee mkopeshaji mwenyewe. Mapatano yanawezekana: mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango ambao kwao mabenki yalisamehe angalau nusu ya mikopo ya simu iliyoharibika, kwa waliopatana kulipa salio kabla ya mwisho wa Mei 2023. Mpango huo umekwisha, lakini umeonyesha kwamba mkopeshaji huweza kukubali kipungufu kuliko kukosa vyote. Mapatano yaandikwe kabla ya fedha kutoka, yataje kiasi, tarehe, kwamba deni lote limekwisha kwa malipo hayo, na kwamba mkopeshaji atalipelekea shirika habari mpya. Na fedha zilipwe katika akaunti ya mkopeshaji, kamwe si katika simu ya mtu binafsi.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa, nao walisema kweli. Lakini deni lililokwisha kuingia daftarini halimalizwi na kulipa peke yake, mpaka daftari lenyewe lishuhudie kwamba limelipwa. Kwa hiyo aliyelipa na aitake barua ya kumalizika kwa deni, aihifadhi pamoja na stakabadhi zake, na baada ya majuma machache aiombe tena taarifa yake na kuikagua ile hali ya akaunti. Wakopeshaji nao, walio wepesi wa kuwaandikisha watu, wana wajibu wa kuwa wepesi vile vile wa kuwasafisha, kwani jina la mtu ni amana mikononi mwao, na kuichelewesha kweli baada ya haki kulipwa ni dhuluma isiyopungua ile ya aliyekopa akakataa kulipa.