Bibi Akisahau, Nani Atalipia Kutafuta Sababu?

Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa Nanyala alitusimamisha nje ya kanisa. Mama mkwe wake, mwenye umri upatao miaka 78, siku hizi huenda kwenye shamba la kahawa alilolilima maisha yake yote, kisha hushindwa kurudi nyumbani. Huuliza jambo lile lile mara tano. Juzijuzi alimkatalia mwanawe mlangoni, akidai hamjui. Majirani wameanza kunong'ona. "Niambieni ukweli," akasema mama huyo, "ni uzee tu, au kuna mkono wa mtu?"

Tulimjibu kwamba hakuna mkono wa mtu. Huenda ni maradhi ya ubongo, na hapana budi bibi apimwe. Hapo akatuuliza swali la pili, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya: "Ninyi mmejuaje? Hapa kwetu hajaja mtu kuuliza habari za wazee."

Ni kweli. Jibu letu lilitoka mbali, wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti walipita katika vijiji 6 vya huko wakawachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Walikuta kwamba wazee 6 hivi katika kila 100 wana ugonjwa wa usahaulifu, ambao madaktari huuita demensia. Kiwango hicho hakiko mbali na kile cha nchi tajiri. Kumbe wale waliodhani kwamba maradhi haya ni ya Wazungu walikuwa wamekosea, nasi tunakiri kuwa tulikuwa miongoni mwao.

Wenzao wa kundi hilo la utafiti walitengeneza pia kipimo kinachomfaa mzee ambaye hakusoma. Vipimo vya Ulaya humtaka mgonjwa aandike au achore. Bibi ambaye hajapata kushika kalamu ataonekana mgonjwa hata kama akili yake ni timamu kuliko yetu. Kipimo kipya humwuliza daraja ni kitu gani, kiongozi wa kijiji ni nani, ataje majina ya wanyama, na apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Kazi hiyo, iliyofanyika Hai na pia Nigeria, ililipiwa na shirika la Grand Challenges Canada. Kwa fedha hizo hizo wazee 34 wenye ugonjwa huo waliketi katika vikundi, vikao 14 kwa wiki 7, wakizungumza na kufanya michezo ya kuamsha akili. Hali zao zilipata nafuu bila kidonge hata kimoja.

Sasa tuulize: kwa nini Hai, na si Mbozi? Je, wazee wa Hai husahau zaidi? Hata kidogo. Fedha ndizo zilizofika huko mapema. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianzisha mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, kwa msaada wa serikali ya Uingereza. Watu walihesabiwa nyumba kwa nyumba, na kila alipofariki mtu ndugu zake waliulizwa aliugua nini. Mradi ulikwisha 2004, lakini daftari la kaya lilibaki, na hospitali ya KCMC ilikuwa karibu. Aliyetaka kuchunguza jambo jingine la wazee alikuta njia imekwisha kulimwa. Utafiti wa kiharusi wa mwaka 2003 hadi 2006, katika Hai na Dar es Salaam, ulilipiwa na mfuko wa Wellcome Trust wa Uingereza. Kisha ukaja wa ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson: katika watu zaidi ya 160,000 walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Fedha za namna hii huitwa ruzuku ya utafiti. Si mkopo, hairudishwi. Lakini haitolewi kwa kuombwa tu. Mtafiti huandika swali lake, jinsi atakavyolijibu, na kila senti itakavyotumika: mishahara ya wahesabuji, mafuta ya gari, mashine za kupimia shinikizo la damu, karatasi. Wataalamu wengine husoma andiko hilo na kulipima. Wengi wanaoomba hukosa. Mwanafunzi kwa kawaida haanzi na mfuko wake mwenyewe. Huingia katika mradi mkubwa wa mwalimu wake, hulipiwa ada na safari, na huko hupata swali dogo la kuandikia shahada yake. Ndivyo madaktari na wauguzi kadhaa wa Kitanzania walivyojifunza kazi hii huko Hai. Kijana wako anayesomea udaktari, uuguzi au ustawi wa jamii akisema anataka kushughulika na maradhi ya wazee, usimwambie amepoteza bahati. Mwambie amwulize mwalimu wake ni mradi gani wa wazee unaotafuta wanafunzi.

Lakini miradi hiyo ni michache. Wafadhili kwa miaka mingi wameelekeza macho kwa watoto wachanga, akina mama wajawazito, malaria na UKIMWI, nasi hatuwalaumu, maana tumezika watoto. Hata hivyo wazee waliachwa hata katika kuhesabiwa. Uchunguzi wa UKIMWI wa taifa wa mwaka 2003-04 ulipima watu wa miaka 15 hadi 49 tu, na uliofuata pia. Bibi waliolea yatima wa ugonjwa huo hawakuulizwa habari zao hadi uchunguzi wa 2016-17. Hata kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilicho karibu nasi kuliko vyote, kinajulikana zaidi kwa UKIMWI na kifua kikuu.

Tena ghala la jirani halina ufunguo kwetu. Marekani ina taasisi nzima ya serikali ya utafiti wa uzee, iliyoanzishwa 1974, lakini Mei 2025 mamlaka yake ya utafiti wa afya ilitangaza kusimamisha ruzuku zinazofika nchi za nje kwa kupitia vyuo vya Marekani, mpaka utaratibu mpya utakapowekwa. Februari mwaka huo huo Uingereza ilitangaza kupunguza msaada wake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027. Sisi wenyewe tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, nayo ina mfuko wa kugharimia watafiti. Nchi za Afrika zilikubaliana 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Yetu bado haijafika hapo. Mbunge akija kuomba kura, hili nalo laweza kuulizwa.

Na siku watafiti watakapobisha hodi Nanyala au Senjele, wakaribisheni, ila msione haya kuuliza. Nani anawalipa? Mna kibali? Mzee akikataa, atanyimwa matibabu? (Hapaswi kunyimwa.) Mtakayemkuta anaumwa mtamfanyia nini? Na mkimaliza, mtarudi kutueleza mlichokikuta? Swali hilo la mwisho huwatia jasho wengi.

Kwa leo tusingoje mradi. Mzee anayesahau apelekwe zahanati, kwa kuwa homa, upungufu wa damu, huzuni kubwa, hata masikio kuziba vyaweza kumfanya aonekane amepotewa na akili, na hayo yana tiba. Apimwe pia shinikizo la damu, ambalo huleta kiharusi na kuharibu ubongo. Kule Hai wazee karibu 7 katika kila 10 walikuwa nalo, na wengi hawakujua.

Mama yule alimpeleka mama mkwe wake Jumatatu iliyofuata. Shinikizo lilikuwa juu sana. Katika miaka yake yote 78 hakuwahi kufungwa kile kitambaa cha kupimia mkononi.