Abiria Marufuku, Mzigo Ruksa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizitazama meli za watalii za mito ya Rhine na Danube. Corona ilipotanda Ulaya mwezi Machi 2020, kampuni zilizifunga meli hizo gatini. Majira ya joto yalipofika, baadhi zilirudi majini zikiwa na abiria wachache, wengi wao wenyeji wa nchi husika. Miaka miwili baadaye, Uholanzi ilipoishiwa mahali pa kuwalaza waomba hifadhi, meli kadhaa zilizojengwa kwa ajili ya watalii ziligeuzwa makazi yao. Tuliona kwamba mwenye mtaji mkubwa anaweza kukipumzisha chombo chake, au kukipa kazi nyingine, mpaka hali itulie.

Leo tunahamia kusini magharibi mwa Uganda, kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Huku chombo ni taksi ya viti 14 au pikipiki ya bodaboda. Swali ni lile lile: sheria ikikataza kubeba watu, mwenye chombo ataishije?

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ikawa makao ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na sokoni Kiswahili kinawasikilizanisha wengi wao. Makazi haya yako wilaya ya Isingiro na yana ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 180. Mtu anaweza kuishi Juru au Rubondo akawa mbali sana na ofisi na maduka ya Base Camp. Mbarara nako ndiko kwenye hospitali ya rufaa, benki, maduka ya jumla na stendi ya mabasi ya Kampala. Kwa hiyo, ukiondoa taksi na bodaboda, unakuwa umemtenga mkimbizi na dawa, na bidhaa, na hata jamaa zake wa kijiji cha pili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 25 Machi 2020 usafiri wa umma ulisimamishwa Uganda nzima. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu. Siku chache baadaye magari binafsi nayo yakazuiwa, ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku, na aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitali alitakiwa kupata kibali cha mkuu wa wilaya, yaani RDC. Malori ya mizigo yaliendelea kutembea.

Tuitazame vizuri amri hiyo, kwa maana ndiyo iliyochora njia ya kuponea. Iligusa abiria, ikauacha mzigo. Basi mwenye pikipiki aliyezoea kupakia watu wawili akafunga mkungu wa matoke, gunia la makaa au katoni za sabuni. Isingiro ni wilaya ya migomba, na walaji wa Mbarara na Kampala hawakuacha kula. Simu za kutuma pesa zikawa nguzo: mwenye duka aliweza kuagiza na kulipa bila kusafiri, bidhaa zikaja na dereva. Kampala jambo hilo lilipata sura rasmi zaidi, kwani SafeBoda, kampuni ya kuita bodaboda kwa simu, iliongeza katika programu yake huduma ya kuwaletea watu mahitaji ya sokoni nyumbani.

Taksi haikuwa na wepesi huo. Tarehe 4 Juni 2020 ilipofunguliwa, masharti yalikuwa nusu ya abiria: viti 14 vikawa saba. Mafuta hayakupungua nusu, wala matairi, wala hesabu anayodai tajiri jioni. Njia pekee ya kufidia ni nauli kupanda, na ndivyo ilivyopanda. Tena wilaya za mpakani ziliachwa nje ya ruhusa hiyo, na Isingiro, inayopakana na Tanzania, ilikuwa mojawapo. Mbarara mjini magari yakaanza kuunguruma huku njia ya kwenda kambini ikiwa bado imefungwa kwa taksi. Bodaboda zilirudishiwa abiria mwishoni mwa Julai, mmoja mmoja, kwa barakoa na daftari la majina.

Wakati huo huo mfuko wa abiria ulikuwa unatoboka. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30, kwa kukosa fedha. Waliokuwa wakipokea shilingi 31,000 kwa mwezi wakapata 22,000. Nauli inapanda, mgao unashuka, na kati ya hayo mawili anasimama mama mwenye mtoto anayechemka homa.

Hapa ndipo naona tofauti kubwa na zile meli za Rhine. Deni la dereva wa bodaboda halina gati la kutia nanga. Benki Kuu ya Uganda iliruhusu, kuanzia Aprili 2020 na kwa miezi 12, mabenki na taasisi za fedha inazozisimamia kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika. Lilikuwa jambo jema. Lakini pikipiki nyingi hazikununuliwa kwa mkopo wa benki. Ni za tajiri anayesubiri hesabu kila jioni, na makubaliano yao ni ya mdomo. Dereva wa namna hiyo, awe mwenyeji au mkimbizi, unafuu ule haukumfikia. Kwa hiyo aliyebeba mtu kwa siri usiku tusimhukumu kwa ukaidi peke yake. Nyuma yake palikuwa na hesabu na watoto.

Wala tusidhani mambo hayo yamepita. Mwezi Juni 2021 Uganda ilizuia tena usafiri kwa siku 42, bodaboda zikarudi kwenye mizigo, na marufuku ya kufanya kazi usiku ilidumu hadi mwaka 2022. Oktoba ya mwaka huo, baada ya Ebola kuzuka, wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa: watu wasiingie wala wasitoke, malori ya mizigo yapite. Kanuni ile ile imerudi, na itarudi.

Basi tujiandae kwayo. Kila eneo la Nakivale liwe na bodaboda na taksi zilizoorodheshwa mapema kwa ajili ya wagonjwa na wajawazito, ili ruhusa isitafutwe usiku wa manane. Vyama vya bodaboda viandikishe makubaliano ya hesabu, na viweke kipengele kinachosimamisha malipo siku serikali inapokataza abiria. Na wilaya ya mpakani ikiachwa imefungwa wakati mji jirani umefunguliwa, mgao wa chakula usipunguzwe katika miezi hiyo hiyo. Kuzuia ugonjwa ni wajibu wa dola, na mwendo wa watu lazima wakati mwingine uzuiwe. Gharama ya kuzuia isiachiwe dereva na abiria wake peke yao.

Sehemu ya tatu na ya mwisho itahusu wavuvi na mitumbwi ya Ziwa Nakivale.