Filamu za vimondo na chuma cha Mukuku: lipi la kuogopa, lipi la kujua

Tangu lile duara la chuma lianguke kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, kuna swali ambalo nimeulizwa hapa Nkoroi mpaka nimechoka kulijibu kwa mdomo: "Mzee, yale ya kwenye filamu yanaweza kutupata kweli?" Ndugu zangu wa Mombasa na Malindi nao wananipigia simu kuuliza lilelile. Basi nimeona nilijibu kwa maandishi, ili mwenye kutaka asome na mwenzake amsomee.

Kwa wasiopajua, Nkoroi iko kaunti ya Kajiado, kwenye barabara ya Magadi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian. Kajiado na Makueni zinapakana, kwa hivyo habari ya Mukuku kwetu ilikuwa habari ya jirani. Tarehe 30 Desemba 2024, alasiri, watu wa kijiji kile walisikia kishindo, kisha wakakuta duara la chuma limelala chini. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilifika, likalichukua na kutoa taarifa siku ya mwaka mpya: upana wake ni kama mita mbili na nusu, uzito wake kama kilo 500, nalo ni kipande cha roketi, ile pete inayotenganisha sehemu moja ya roketi na nyingine. Kwa bahati hakuna aliyeumia.

Wengi hapa mtaani walichanganya tukio hilo na filamu walizoziona. Kabla ya yote, tutenganishe mambo mawili. Kuna hatari ya mawe ya Mungu yanayozunguka jua tangu zamani, na kuna hatari ya vyuma ambavyo binadamu mwenyewe amevirusha juu. Filamu hupenda lile la kwanza. Mukuku ilipatwa na la pili.

Filamu zinasema nini

Filamu za aina hii ni nyingi, lakini nne ndizo zinazotajwa sana. Mwaka 1998 zilitoka mbili kwa mpigo: Armageddon, ya Bruce Willis, na Deep Impact, ambayo Morgan Freeman ni rais wa Marekani. Mwaka 2020 ikaja Greenland, na 2021 ikaja Don't Look Up.

Armageddon ndiyo inayopendwa zaidi, nayo ndiyo yenye chumvi nyingi kuliko zote. Inasema kimondo chenye ukubwa wa jimbo la Texas kimeonekana siku 18 tu kabla ya kugonga dunia. Jiwe la ukubwa huo lingekuwa kubwa kupita Ceres, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika ule mkanda wa mawe baina ya Mirihi na Mshtarii. Ceres lina upana wa kilomita 940 hivi, na liligunduliwa mwaka 1801 kwa darubini ya zamani hizo. Kitu kikubwa hivyo hakiwezi kujificha mpaka siku 18.

Ukweli ni kwamba mawe makubwa ndiyo tunayoyajua vizuri zaidi. Kati ya yale yanayopita karibu na njia ya dunia, yenye upana wa kilomita moja na zaidi, wanasayansi wameshayapata zaidi ya asilimia 90, na hakuna linaloonekana kutujia katika miaka mia ijayo. Jiwe lililowamaliza dainosaria miaka milioni 66 iliyopita lilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi. Mambo ya namna ile hupita mamilioni ya miaka bila kutokea.

Yanayowakosesha wanasayansi usingizi ni yale ya kati. Ya mita 140 na zaidi yanakadiriwa kuwa kama 25,000, na hata nusu yake bado haijaonekana. Yapo na madogo zaidi. Tarehe 30 Juni 1908 jiwe la mita 50 au 60 hivi lilipasuka juu ya msitu wa Tunguska, Siberia, likaangusha miti katika eneo la kilomita za mraba 2,000. Tarehe 15 Februari 2013, jingine la mita 20 lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Watu kama 1,500 waliumia, wengi wao kwa vioo. Waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama, na dakika moja na zaidi baadaye kishindo kikafika na kuvunja vioo usoni mwao.

Hesabu iliyowatisha watu 2025

Siku tatu tu kabla ya chuma cha Mukuku, tarehe 27 Desemba 2024, darubini moja iliyoko Chile iligundua jiwe lililopewa jina 2024 YR4. Upana wake ni kama mita 60. Hesabu zikaonyesha huenda likagonga dunia tarehe 22 Desemba 2032. Mwanzoni uwezekano ulikuwa kama asilimia moja. Ukapanda. Tarehe 18 Februari 2025 ukafika asilimia 3.1, na ule mstari wa mahali linapoweza kuangukia ulikatiza Afrika na Bahari ya Arabuni. Siku chache baadaye uwezekano ukaporomoka mpaka ukawa si kitu.

Watu wengi walisema wanasayansi wanabahatisha. La, hesabu zao ndivyo zinavyokwenda, na mtu wa Pwani ataelewa upesi. Umekaa ufukweni Lamu, unaona tanga mbali kabisa kwenye upeo wa macho. Kwa umbali ule hujui jahazi litatia nanga Shela, Lamu mjini, Manda au litapita liende Pate. Bandari ni nyingi, na kila moja ina sehemu yake ndogo ya uwezekano. Jahazi likikaribia, unaanza kuziondoa bandari moja moja: Pate haliendi tena. Zilizobaki ni chache, kwa hiyo kila moja sehemu yake inaongezeka, Shela ikiwemo. Jahazi halijabadili njia hata kidogo, wewe tu ndiye unayeona vizuri zaidi. Halafu linakaribia zaidi, na unaona wazi kuwa linaelekea Manda. Shela iliyokuwa ikipanda inashuka ghafla mpaka sifuri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa 2024 YR4. Siku nyingine mkisikia uwezekano wa jiwe unapanda, msiuze mashamba. Subirini darubini zimalize kazi yake.

Kulipua au kusukuma?

Katika Armageddon, wachimba mafuta wanapelekwa juu kutoboa jiwe na kutia bomu la nyuklia ndani. Ni burudani nzuri. Lakini ukilipasua jiwe kubwa likiwa limeshakaribia, badala ya risasi moja umejipatia marisau, na vipande vingi vitaendelea na safari ileile.

Njia ya akili ni kulisukuma kidogo mapema. Jiwe likichelewa au likiwahi dakika chache tu, dunia itakuwa imeshapita au bado haijafika pale njia zao zinapokatana, kama mtu anayevuka barabara kabla matatu haijafika. Hili limeshajaribiwa. Tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha NASA kiitwacho DART, chenye uzito wa kama kilo 600, kililigonga kwa makusudi jiwe la Dimorphos, lenye upana wa mita 160 hivi, kwa mwendo wa kilomita sita kwa sekunde. Jiwe hilo huzunguka jiwe jingine kubwa zaidi. Kabla ya kugongwa lilimaliza mzunguko kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, mzunguko ukapungua kwa dakika 32 hivi. Ni mara ya kwanza binadamu kubadili njia ya kitu cha angani.

Lakini kusukuma kunahitaji miaka, na miaka inapatikana kwa kuona mapema. Hapa ndipo Don't Look Up inaposema kweli kuliko zile nyingine. Wanasayansi wawili wanaona nyotamkia inakuja, muda umebaki miezi sita, na wakubwa wanaendelea na siasa na biashara zao. Jiwe lenyewe ni la kubuni, lakini kupuuza onyo si jambo la kubuni.

Sisi wa Pwani tulishaliona hili baharini. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami iliyoanzia Indonesia ilivuka bahari nzima mpaka huku kwetu. Somalia walikufa watu karibu 300. Kenya habari ilifika kwa wakati, watu wakaondolewa ufukweni, na aliyekufa alikuwa mmoja. Bahari ilikuwa ileile. Tofauti kubwa ilikuwa umbali na onyo.

Afrika si mtazamaji tu

Wengine hudhani mambo haya ni ya wazungu, kwa sababu katika filamu kila kimondo huanguka New York au Paris. Jiwe la kwanza kabisa kuonekana angani kabla halijaanguka liliangukia Afrika. Lilionekana kutoka Arizona tarehe 6 Oktoba 2008, likapewa jina 2008 TC3, na siku iliyofuata likapasuka juu ya jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Lilikuwa na upana wa mita nne hivi. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Khartoum waliingia jangwani kwa miguu, wakakusanya mamia ya vipande. Hapa Kenya, tarehe 16 Julai 2011, mawe ya kimondo yaliangukia maeneo ya Thika. Tanzania wanacho Kimondo cha Mbozi, chenye uzito wa zaidi ya tani 10.

Na kwa upande wa roketi, Malindi ina historia yake. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, Waitaliano walirusha roketi kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu ya Uhuru. Walipachagua kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaisaidia roketi ikielekea mashariki, na kwa sababu mashariki ya Malindi ni bahari tupu. Vipande vikidondoka, vidondoke majini. Ndiyo kawaida mpaka leo: masalio ya roketi yaungue angani au yaangukie baharini. Mukuku ni pale kawaida iliposhindwa.

La kufanya

Roketi zinazorushwa sasa ni nyingi kuliko wakati wowote, na Kenya nayo imo: Taifa-1 yetu ilipaa Aprili 2023. Kwa hiyo chuma kingine kuanguka mahali fulani Afrika Mashariki si jambo la ajabu tena, na inafaa tujue la kufanya.

Kwanza, usikiguse. Vyombo vya angani huweza kuwa na mafuta yenye sumu kali. Waweke watoto na mifugo mbali, kisha mwite chifu au polisi.

Pili, ukiona mwanga mkali usio wa kawaida angani, ondoka dirishani. Kumbuka Chelyabinsk.

Tatu, kama kimeharibu nyumba, shamba au mifugo, piga picha na uandikishe hasara siku hiyohiyo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha chombo ndiyo inayolipa kikileta madhara ardhini. Mwaka 1978 setelaiti ya Wasovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia, iliangukia Kanada, na Moscow ikakubali kulipa dola milioni tatu za Kanada. Ila chini ya mkataba huo anayedai ni serikali kwa niaba ya raia wake, na muda wa kudai ni mwaka mmoja tangu madhara yatokee au tangu mwenye chombo ajulikane. Mwanakijiji asiye na maandishi, serikali yake itadai nini?

Mwisho, wekeni tarehe. Usiku wa Ijumaa, 13 Aprili 2029, jiwe liitwalo Apophis, lenye upana wa mita 340 hivi, litapita kilomita kama 32,000 kutoka duniani, karibu zaidi kuliko setelaiti za televisheni. Halitatugonga: NASA ilishathibitisha mwaka 2021 kuwa hakuna hatari kwa miaka mia ijayo. Afrika ni miongoni mwa sehemu ambako litaonekana kwa macho matupu, kama nyota inayotembea taratibu. Siku zitakapokaribia, hapana shaka simu zetu zitajaa sauti za kutisha na filamu zitauzwa upya. Watoto waambiwe ukweli mapema, na mbingu ikiwa nyeupe usiku huo, watolewe nje waangalie.